Mgonjwa ametoka upasuaji: jinsi ya kumpima na kumwangalia katika saa 24 za kwanza

Mtu mzima akishatolewa chumba cha upasuaji, wengi huona jambo limekwisha. Ndugu wanashusha pumzi, timu ya upasuaji inajiandaa kwa mwingine, naye amelala kimya chini ya shuka. Kimya hicho ndicho kinachonitia wasiwasi. Huenda amelala usingizi wa dawa tu. Huenda anavuja damu tumboni. Huenda dawa ya maumivu imemzidi na pumzi zinapungua taratibu. Ukisimama mlangoni ukachungulia, wote watatu wanafanana.

Haya nimeyaandika kwa muuguzi au mwanafunzi wa uuguzi anayempokea mgonjwa wa namna hiyo wodini. Maagizo ya daktari na utaratibu wa wodi yako vinatangulia. Ninachotaka kukuachia ni jinsi ya kuona mabadiliko mapema, kabla presha haijaanguka, kwa sababu presha ikishaanguka umechelewa.

Andaa kitanda kabla hajaletwa

Oksijeni, mashine ya kuvuta makohozi, stendi ya dripu, mashine ya presha, beseni la kutapikia, blanketi. Mashine kuwepo ukutani hakutoshi. Iwashe, ziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba, usikie kama inavuta. Fungua oksijeni usikie inavuma. Ni kazi ya dakika moja, na huwezi kuifanya mgonjwa akiwa anapaliwa na matapishi.

Pokea taarifa ukiwa kando ya mgonjwa

Usikubali kukabidhiwa mgonjwa mezani kwa karatasi. Simameni wote wawili kitandani. Mwombe mgonjwa ataje jina lake mwenyewe, kisha ulinganishe na kitambulisho cha mkononi na faili. Ukimuuliza "Wewe ni fulani?", mtu mwenye usingizi wa dawa atakuitikia "ndiyo" hata kwa jina la jirani yake.

Uliza amefanyiwa nini hasa, amepewa dawa ya usingizi au ganzi ya mgongo, amepoteza damu kiasi gani, amepewa maji na damu kiasi gani, ana mzio wa nini, na mpasuaji ana hofu ya nini. Swali ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: dawa ya maumivu ya mwisho ilikuwa ipi, kiasi gani, saa ngapi? Mofini aliyochomwa akitoka kule inaweza kufika kilele akiwa mikononi mwako, na ukiongeza nyingine bila kujua, umejilimbikizia hatari.

Kisha fungueni shuka pamoja. Mwangalie kidonda, dreni zote (mipira inayotoa damu na majimaji kidondani), mpira wa mkojo, na sehemu ilipoingia dripu. Mkiona wote wawili, hapatakuwa na ubishi baadaye kama damu ile ilikuwapo tayari au imeanza wodini.

Dakika tano za kwanza

Anza kwa kuongea naye. "Pole baba, umeshafika wodini. Unanisikia? Jina lako nani?" Akijibu kwa sauti safi na maneno yanayoeleweka, umejua mambo mawili kwa pamoja: njia ya hewa iko wazi, na ubongo unapata damu. Akikoroma, usiseme amelala fofofo. Kwa mtu aliyetoka kwenye dawa ya usingizi, kukoroma ni ulimi ulioangukia nyuma na kuziba nusu ya njia. Inua kidevu, mlaze ubavu kama upasuaji wake unaruhusu, na ukisikia mgugumio kooni, vuta makohozi.

Sasa hesabu pumzi. Hapa nataka tukae kidogo.

Pumzi ndicho kipimo kinachodanganywa kuliko vyote kwenye chati. Nimewahi kupokea zamu nikakuta safu nzima ya pumzi imeandikwa 20, kuanzia usiku hadi asubuhi. Nilivuta kiti nikahesabu dakika nzima: 32. Mama yule alikuwa akiongea maneno mawili mawili huku akimeza hewa katikati, na kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilikuwa kinasoma 96. Aliyeandika 20 hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wagonjwa wengi, na mashine haimhesabii pumzi mtu. Lakini mwili unaokosa damu, unaokosa oksijeni au unaopambana na maambukizi huanza kwa kuvuta pumzi haraka. Ile 96 ilikuwa imenunuliwa kwa jasho. Alikuwa anahangaika ili ibaki hapo.

Shika kifundo cha mkono kana kwamba unapima mapigo, ili asijue unahesabu pumzi zake, maana akijua atazibadilisha. Tazama kifua au tumbo kwa sekunde 60 kamili. Kawaida ya mtu mzima ni kati ya 12 na 20 kwa dakika. Ikizidi 20, tafuta sababu. Ikifika 25 au ikashuka hadi 8, hiyo ni hatari inayojitosheleza, hata vipimo vingine vyote viwe vizuri. Usiishie kwenye idadi: je, anatumia misuli ya shingo? Pua zinapanuka? Pande zote mbili za kifua zinainuka sawa?

Kipimo cha oksijeni nacho kina mipaka yake. Vidole vya baridi, rangi ya kucha na kutetemeka vinakipotosha, na kwa mwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko ukweli. Usione haya kumtazama ulimi, fizi na midomo kwa ndani ukitafuta rangi ya bluu au kijivu. Na mgonjwa aliye kwenye oksijeni anaweza kusoma 98 huku pumzi zake zikiwa 7, kwa sababu oksijeni inaingia lakini hewa chafu (kaboni dioksidi) haitoki. Kwa wengi lengo ni 94 hadi 98. Kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu aliye katika hatari ya kulimbikiza hewa chafu, daktari huweka 88 hadi 92.

Mapigo yapime kwa vidole vyako, usiyasome kwenye mashine tu. Mashine itakupa idadi, lakini haitakuambia kwamba mapigo ni membamba kama uzi au yanaruka. Ukiwa umeshika mkono huohuo, sikia ubaridi wake umeanzia wapi: vidoleni, kiganjani, au umeshapanda hadi kwenye kiwiko. Bonyeza ncha ya kidole kwa sekunde 5 kisha achia; rangi irudi ndani ya sekunde 2. Kwa ngozi nyeusi tazama kwenye kitako cha kucha, na ufunue kope la chini uone wekundu.

Ndipo tufike kwenye presha. Mtu mzima mwenye afya anaweza kupoteza hadi asilimia 30 ya damu yake, karibu lita moja na nusu kwa mwenye kilo 70, kabla presha ya juu haijashuka waziwazi. Mwili unabana mishipa na moyo unakimbia ili kuificha hasara. Tazama vipimo hivi vya mgonjwa mmoja wa tumbo:

Saa 4:00 asubuhi: presha 128/76, mapigo 84, pumzi 16.
Saa 4:30: presha 122/84, mapigo 98, pumzi 20.
Saa 5:00: presha 118/92, mapigo 116, pumzi 24.

Anayesoma presha peke yake ataandika "kawaida" mara tatu. Soma kwenda chini. Mapigo yamepanda 32 ndani ya saa moja, pumzi zimeongezeka, na presha ya juu na ya chini zinakaribiana: tofauti ilikuwa 52, ikawa 38, sasa ni 26. Huyu anavuja damu mpaka ithibitike vinginevyo. Ukisubiri presha isome 80 ndipo upige simu, utakuwa unaita watu kuja kufufua.

Tahadhari moja: anayetumia dawa za kupunguza mapigo, kama atenololi au propranololi, moyo wake huenda usikimbie hata akivuja. Kwake tegemea zaidi ubaridi wa mikono, pumzi, mkojo na akili yake.

Fahamu malizia hivi: yuko macho kabisa, amechanganyikiwa, anaitikia akiitwa, anaitikia akiumizwa tu, au haitikii chochote? Kipimo cha Glasgow, kilichobuniwa mwaka 1974, kinakwenda kutoka 15 hadi 3, nacho kinasaidia sana kwa aliyeumia kichwa. Kwa kila mgonjwa, kuchanganyikiwa kulikoanza leo ni dalili nzito. Mzee anayevua mpira wa oksijeni na kutaka kushuka kitandani, kabla hujamwita msumbufu au kumwombea dawa ya kumtuliza, mpime oksijeni, presha, sukari, kibofu na maumivu. Na yule mzee aliyenyamaza ghafla anahitaji kupimwa vilevile, ingawa hamsumbui mtu.

Pima pia joto la mwili. Wengi hutoka upasuaji wakiwa chini ya nyuzi 36, na baridi hiyo inazuia damu kuganda vizuri, hivyo blanketi ni sehemu ya matibabu.

Wodi nyingi hurudia vipimo kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, kila dakika 30 kwa saa mbili, kila saa kwa saa nne, kisha kila saa 4 akiwa ametulia. Ratiba hiyo ni kwa aliyetulia. Anayebadilika mfuate kwa karibu zaidi. Kama mnatumia NEWS2, mfumo uliotolewa Uingereza mwaka 2017 unaokipa kila kipimo alama kisha kuzijumlisha, jumla ya 5 inadai daktari aje haraka, na 7 au zaidi ni dharura. Alama 3 kwenye kipimo kimoja tu nazo zisipite bila daktari kujua.

Mkague kuanzia kidonda

Bandeji ikiwa na damu, chora mstari kwa kalamu kuzunguka doa, na uandike saa kando yake. Ukirudi baada ya nusu saa, hutabahatisha kama limekua. Bandeji ya kwanza usiifungue kama hujaagizwa. Ikilowa, ongeza nyingine juu yake, kandamiza, na umwite mpasuaji.

Kisha pitisha mkono, ukiwa na glavu, chini ya mgonjwa. Damu hufuata mteremko. Nilijifunza hilo kwa mgonjwa ambaye bandeji yake ya ubavuni ilikuwa imekauka vizuri upande wa juu, lakini tulipomgeuza kubadili shuka, godoro lilikuwa limeloa kuanzia kiunoni hadi mapajani. Wawili tulikuwa tumepita pale na kuandika "bandeji kavu". Tangu siku hiyo sijaandika neno hilo bila kwanza kupitisha mkono chini.

Dreni iangalie kama haijakunjwa au kulaliwa, andika kiasi na rangi. Ikiwa ilikuwa inatoa vizuri kisha ikakauka ghafla, usifurahi haraka. Huenda donge la damu limeziba, na kinachopaswa kutoka kinajaa ndani. Linganisha na tumbo: limevimba kuliko saa iliyopita? Ni gumu kama ubao? Tumbo litazame kwanza, lisikilize, ndipo uliguse, kwa sababu kuligusa kunabadilisha sauti. Usiseme hakuna sauti za utumbo kabla hujasikiliza hadi dakika 5. Siku zinazofuata, mgonjwa kutoa upepo ni habari njema zaidi ya sauti hizo.

Mkojo ni dirisha la figo, na figo ni kati ya viungo vya kwanza kunyimwa damu mwili ukibana matumizi. Kiwango cha chini ni nusu mililita kwa kila kilo kwa saa: mwenye kilo 70 atoe angalau mililita 35. Ikipungua, kwanza fuata mpira wote kwa mkono, kuanzia pajani hadi mfukoni. Mara nyingi utakuta amelalia. Kama mpira uko sawa na saa mbili mfululizo hazijafikisha, toa taarifa.

Asiye na mpira anapaswa kukojoa ndani ya saa 6 hadi 8. Aliyechomwa ganzi ya mgongo anaweza asihisi kibofu kimejaa, kwa hiyo usiulize tu, gusa juu ya kinena. Na anayekojoa vijikombe vidogo vidogo kila mara, usimwandike "anakojoa vizuri". Huenda ni kibofu kilichojaa kinachofurika.

Miguu: aliyepata ganzi ya mgongo, mwambie achezeshe vidole kila unapopita. Ganzi hurudi nyuma hatua kwa hatua. Ikikataa kuondoka, au miguu iliyokuwa imerudi ikalegea tena, hasa kukiwa na maumivu ya mgongo, mpigie daktari papo hapo, maana damu inaweza kuwa inakandamiza uti wa mgongo. Kigimbi cha mguu mmoja kikivimba, kikawa na joto na kuuma, huenda damu imeganda ndani. Usikande, na uwakataze ndugu kukanda, wao hufanya hivyo kwa upendo bila kujua kuwa donge linaweza kuchomoka na kupanda mapafuni.

Sehemu ya dripu iguse pia, na mgongo, visigino na kitako vitazame unapomgeuza. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, tafuta sehemu yenye joto au ugumu tofauti na pembeni yake.

Maumivu

Maumivu ni yale anayoyasema mgonjwa. Mwombe ayape namba kutoka 0 hadi 10, mara mbili: akiwa ametulia, na akikohoa. Wengi husema 2 wakiwa wamelala bila kutikisika, na kumbe hawatikisiki kwa sababu wakikohoa ni 9. Mtu huyo hatavuta pumzi ndefu, hatakohoa, na makohozi yatatuama. Kumpa dawa si kumdekeza, ni kuyalinda mapafu yake.

Akitumia mofini au pethidini, angalia usingizi kabla ya pumzi. Mgonjwa huanza kwa kuwa mzito wa kuamka, kope zinafunga katikati ya sentensi, ndipo pumzi zishuke. Ukimkuta haamki kirahisi na pumzi ni 8 au chini, simamisha dawa, mwamshe, mpe oksijeni, ita msaada, na naloksoni, dawa inayozima nguvu ya mofini, itolewe kwa maagizo. Kisha usiondoke. Naloksoni huisha nguvu mapema kuliko mofini, mara nyingi ndani ya saa moja hivi, na mgonjwa aliyekaa akiongea anaweza kuzama tena.

Maumivu yanayozidi ukubwa wa upasuaji wenyewe, au yanayopanda licha ya dawa, usiyafunike kwa dozi nyingine. Rudi kwenye kidonda, tumbo, kiungo na mapigo.

Mwinue

Hali ikitulia, mwinue kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45. Mpe mto aukumbatie juu ya kidonda, avute pumzi ndefu kwa pua, aishike kwa sekunde 3, aitoe. Mara 10 kila saa akiwa macho, akimalizia kwa kukohoa. Mto unashika mshono, na zaidi ya hapo unamwondolea hofu kwamba nyuzi zitafumuka.

Kumwamsha mara ya kwanza kunahitaji utaratibu. Akunje magoti, ageukie ubavu, ashushe miguu huku akijisukuma kwa kiwiko. Asiinuke wima akitumia misuli ya tumbo. Akae ukingoni, miguu ikining'inia, umpime presha. Presha ya juu ikishuka 20 au zaidi, au akisema kichwa kinazunguka, mrudishe alale. Asimame siku hiyohiyo kama upasuaji wake unaruhusu, nawe ukiwa upande wake, si mbele yake ukimvuta mikono.

Unapomwita daktari

Usipige simu kusema "daktari, mgonjwa wako hayuko vizuri." Kaa na chati mbele yako useme manne kwa mpangilio: kuna nini sasa, ametoka wapi, unafikiri ni nini, unataka nini. Kwa yule mgonjwa wetu wa tumbo ingekuwa hivi:

"Daktari, ninaye mgonjwa wa kitanda cha 6, nina wasiwasi anavuja damu. Amerudi kutoka upasuaji wa tumbo saa 4:00. Tangu hapo mapigo yametoka 84 hadi 116, pumzi 16 hadi 24, presha sasa ni 118/92, mikono imekuwa baridi hadi kwenye kiwiko, mkojo mililita 15 kwa saa nzima, tumbo limevimba. Nimempa oksijeni kwa utaratibu wa wodi, kanula mbili (sindano za dripu za mishipani) ziko wazi. Naomba uje sasa hivi, na ukiwa njiani niambie niagize damu na dripu ipi."

Ona kwamba hukusema presha imeshuka, kwa sababu haijashuka. Umesema kinachobadilika. Akijibu "endelea kumwangalia", uliza: nikuite tena kwa namba zipi, na baada ya dakika ngapi? Andika jibu na saa. Kama bado moyo haujatulia, piga kwa aliye juu yake. Hilo si utovu wa adabu, na hakuna mpasuaji wa kweli atakayelichukia.

Msikilize pia mgonjwa na aliyemleta. Ndugu akisema "sista, huyu leo si yeye", mpime upya hata kama ulimpima dakika 10 zilizopita. Yeye anamjua miaka 40, wewe unamjua tangu asubuhi. Na mgonjwa akikuambia anahisi kufa, usimjibu "usiseme hivyo mama". Mshike mkono, hesabu pumzi.

Kukabidhi zamu

Kabidhi kitandani, chati ikiwa wazi, na usome vipimo kama safu: vilianzia wapi, vimefika wapi. Mwonyeshe anayekupokea mstari uliouchora kwenye bandeji na saa uliyoandika. Mtaje mgonjwa kwa jina, umwambie nani atakuwa naye usiku. Kisha mpe mwenzako glavu, mgeuzeni mgonjwa pamoja, na yeye mwenyewe apitishe mkono chini ya mgongo kabla hujaondoka.